Waya Ulionyooka

Mume wangu wanamwita Nyoosha. Watoto wa jirani wakimwona anapita na ngazi begani hupaza sauti, "Fundi Nyoosha, kwetu mtandao umekata!" naye huwapungia mkono kama mbunge aliyechaguliwa jana. Jina alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hawezi kuona waya umepinda akapita zake. Akiingia kwenye nyumba ya watu kufunga mtandao, kwanza hutazama kona, kisha fremu za milango, halafu hupitisha waya wake ukabana ukuta mpaka mwenye nyumba asahau kwamba kuna waya. Kwetu nyumbani taulo hukunjwa kwa ukubwa, viatu hutazama upande mmoja, na nikiacha kijiko kimelala kinyume kwenye droo atakigeuza huku anazungumza habari nyingine kabisa. Nimezoea. Wanaume wana kasoro mbaya kuliko hiyo.

Kazi yake ukiielezea ni nyepesi. Juu ya bati kuna dishi dogo linalotazamana na mnara. Waya unashuka ukutani, unapita kwenye tundu, unaingia ndani kwenye ruta, watu wanapata mtandao. Shida ni mvua. Mawingu yakikusanyika, simu yake haitulii mfukoni, kila mteja anataka kujua kwa nini yeye ndiye ameonewa na dunia. Hapo Nyoosha hutoa maneno waliyofundishwa kazini: "Ni hali ya hewa, ndugu mteja. Mvua ikipungua utarudi wenyewe." Nimewahi kumsikia akiyasema usingizini, kwa heshima zote. Mara nyingi huwa ni kweli, ndiyo maana ni rahisi kuyasema.

Mama yangu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi kabla hajastaafu. Kitanda alichotandika yeye mtu huona haya kukilalia. Siku niliyompeleka Nyoosha nyumbani aonekane, Mama alimkagua kola, akamkagua viatu, akamtazama alivyorudisha kikombe katikati ya kisahani bila kukigongesha. Tulipokutana jikoni akaniambia neno moja tu, "Huyu sawa." Baba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukunja shati, alicheka sana. "Hapa mmepata mkwe au mmepata mwanafunzi wa wodi?"

Baba alipoanza kuugua, dada yangu mkubwa, anayeishi ng'ambo, alitaka awe anamwona uso. Ndipo tukaamua kuweka mtandao pale nyumbani. Nyoosha hakutaka kusikia habari ya fundi mwingine. Alikwenda siku yake ya mapumziko, amevaa shati safi kana kwamba anaposa upya. Ukuta wa nje ulikuwa umepakwa rangi mpya, rangi ya maziwa, na Mama alikuwa akiulinda kuliko sisi watoto wake. Mimi nilikuwa nampa misumari.

Alipofika karibu na tundu, aliuacha waya ushuke chini yake kidogo, ukafanya kitumbo, halafu akaupandisha kuingia ndani. Mama akatoka na glasi ya maji, akasimama, akainamisha kichwa upande.

"Mwanangu, na hapa ndiyo pamebaki hivi? Pananing'inia kama kamba ya kuanikia nguo."

"Mwache fundi," Baba akasema kutoka kwenye kiti chake cha barazani.

Nyoosha alicheka, akajikuna shingo. Akautazama ule waya, akamtazama Mama. Halafu akalegeza msumari, akauvuta ukanyooka moja kwa moja mpaka tunduni.

"Na sasa, mama?"

"Sasa ndiyo."

Nilimwona jinsi alivyofurahi. Nilifurahi na mimi.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, Baba alifariki. Dada hakuja. Kwanza alisema anakuja, akataja hadi siku. Kisha akaandika kwamba imeshindikana, bila sababu, bila maelezo. Msibani kila aliyeingia aliuliza, "Mkubwa wenu yuko wapi?" na Mama akajibu, "Yuko njiani." Alijibu hivyo mpaka tukamzika Baba, mpaka wageni wakatawanyika na viti vya kukodi vikarudishwa. Yuko njiani.

Watu walipokwisha kuondoka, Mama alikaa siku kadhaa kimya kama maji ya mtungini. Kisha Jumapili moja mchana, ikiwa ndiyo mvua ya kwanza imetangulia kunyesha, alimpigia Dada simu ya picha. Kilichotokea amenisimulia mara nyingi mno, na maneno hayabadiliki.

"Nilimuuliza swali moja tu. Nilimwambia, 'Mwanangu, kwa nini hukuja kumzika baba yako?' Akaniangalia hivi. Akakata."

Alikaa na simu mapajani akingoja ipigwe. Haikupigwa. "Aliyekata ndiye apige," akasema, na ukimjua Mama utajua kwamba hiyo ni sheria, haina rufaa.

Mimi nikamwandikia Dada. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mama ndiye aliyenikatia. Nilikuwa namweleza yote, akanikatia katikati. Mdogo wangu, usiniulize tena." Nilidhani anatafuta pa kujificha, nikamjibu vibaya. Hapo wakawa wamenyamaziana. Simu zilikuwepo, vidole vilikuwepo, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake.

Mvua zikashika. Mtandao wa pale nyumbani ukaanza kukata, leo unakata, kesho unakata, na Mama akawa anampigia mkwe wake. Siku moja nilikuwa nimekaa karibu yake nikamsikia akisema, "Ni hali ya hewa, mama. Mvua ikipungua utarudi wenyewe."

Nikampiga kofi la bega. "Wewe! Huyo ni mama, si mteja."

"Lakini ni hali ya hewa kweli."

"Umekwenda ukaona? Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini na mkwe wake pia hamnyoi?"

Tukaenda Jumamosi iliyofuata, yeye na begi lake la vifaa, mimi kama mshika ngazi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote ikaanuka, jua limetoka, mitaro inang'aa. Ndani, taa ya ruta iliyotakiwa kuwa kijani ilikuwa nyekundu. Nyoosha akaizima, akangoja, akaiwasha. Nyekundu. Akatoa ruta nyingine kwenye begi, akaibadilisha. Nyekundu. Akapanda juu ya bati kutazama dishi kama limesogezwa na upepo, akapima kwa simu yake, akashuka anatikisa kichwa.

"Dishi linauona mnara vizuri kuliko mimi ninavyokuona wewe," akaniambia. Akasimama katikati ya sebule na bisibisi mdomoni, anafikiri. "Kama ni mawingu, mawingu yamekwenda. Mbona imekata sasa?"

Mama alikuwa anakunja nguo mezani. Alijibu bila kugeuka.

"Ndivyo inavyofanya siku zote. Mvua ikinyesha hainisumbui sana. Ikishaanuka, jua likitoka, ndipo inakufa. Lakini msije mkaitumia hiyo kumtetea dada yenu. Siku ile mvua ilikuwa imekwisha anuka, jua kali, nguo nilikwisha zianika nje. Yule alikata mwenyewe."

Mimi sikusikia. Kusema kweli hadithi ile nilikuwa nimeisikia mpaka masikio yakafunga mlango, ikianza tu mimi natazama kwingine. Nyoosha ndiye aliyesikia. Nimeolewa naye muda wa kutosha kujua uso wake anapogundua tatizo: macho huwaka, huwa kama mtoto aliyeona baiskeli. Siku ile macho yalizimika. Aliitoa bisibisi mdomoni taratibu, akaifuta kwenye suruali, akasema, "Nishikie ngazi."

Ukutani hakupanda sana. Alipitisha kidole juu ya waya, ule waya wake mzuri ulionyooka, akaufuata mpaka kwenye tundu. Akauvuta utoke. Tone la maji likaniangukia kwenye kifundo cha mkono, la baridi, kisha la pili. Kichwa cha waya, pale penye vijimeno vya shaba, kilikuwa kimeota kutu ya kijani.

Kwa kawaida Nyoosha akikuta kitu kama hicho hunieleza mpaka nimwombe radhi. Somo la maji nalijua kwa moyo, amelitoa mezani kwetu mara nyingi akiwasema mafundi wanagenzi. Maji ni mavivu, hufuata njia yaliyowekewa. Waya ukinyooshwa hadi tunduni, umeyajengea barabara: mvua ikinyesha yanatambaa juu ya waya polepole, yanaingia ndani polepole, na yanapofika kwenye kichwa cha waya mvua yenyewe mara nyingi imekwisha zamani. Dawa yake ni kitumbo. Shusha waya chini ya tundu, upandishe tena, maji yatafika tumboni yadondoke yaende zao. Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua. Nikautazama ukuta. Kitumbo hakikuwepo. Nikamtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama kutu.

Alikata kile kichwa kibovu, akaweka kipya, akakausha tundu na kuliziba, akaacha kitumbo kikubwa kikining'inia. Taa ikawa kijani. Mama akatoka.

"Kumbe ilikuwa nini?"

Nilingoja. Nyoosha alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Hali ya hewa, mama. Nimeuimarisha, hautakata tena."

Mama alikitazama kile kitumbo na hakusema habari ya kamba ya nguo. Alimshika mume wangu kichwani kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Ningekuwa na watu wanaonijali kama wewe."

Nilidhani ni aibu ya kazi tu. Fundi naye ana uso, nikamwachia uso wake, sikumuuliza kitu.

Lakini baada ya hapo mume wangu aliharibika. Kila akipata nafasi alikuwa kwa Mama. Alitengeneza bawaba za geti. Alisafisha mifereji ya bati, akapiga msasa mkono wa kiti cha Baba, akabadilisha koki ya jikoni, akafunga taa mpya barazani. Mama akawa anatangaza mtaa mzima kwamba mkwe kama huyu hapatikani sokoni. Na kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyorudi nyumbani mabega yameanguka. Pale kwa Mama aliacha kula. Mama alikuwa anampakulia sahani iliyojaa, naye anasema ameshiba, tumbo halijakaa sawa, ana mteja anamngoja. Nyumbani pia kijiko kikalala kinyume kwenye droo siku nzima asikione.

Akaanza kurudi kwa wateja wake wa zamani, wale aliowaambia ni hali ya hewa, kwa muda wake mwenyewe, kutazama kuta zao. Wengine walimshangaa. Mmoja alidhani amekuja kukagua nyumba ili aibe.

Na kila jioni swali lilikuwa lile lile. "Dada yako hajapiga kwa mama?"

"Bado."

"Hata kuandika?"

"We bwana, wewe na dada yangu mna nini?" nilimtania siku moja. Hakucheka hata kidogo.

Alinieleza jikoni, anaosha vyombo. Alikuwa amenipa mgongo, anapanga sahani, anazipanga upya.

"Dada yako hakukata simu," akasema.

"Simu gani?"

"Ile. Hakukata. Na mama hakukata. Ni maji yangu." Akafunga bomba. "Mama alisema mvua ilikuwa imeanuka na jua limetoka. Hiyo ndiyo saa ambayo maji yalikuwa yanafika kwenye kichwa cha waya. Alimuuliza swali, na swali likafika, jibu ndilo halikufika. Kila mmoja akaona mwenzake amekata."

Nilikaa kwenye kiti. Niliuona uso wa Mama na simu mapajani. Nikakumbuka maneno niliyomwandikia Dada.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya ngazi."

"Na ukanyamaza? Mvua zimeanza hadi zinakaribia kuisha, mama anazeeka kwa hasira, dada yangu yuko kule peke yake, wewe unabadilisha koki?"

"Kila nikifungua mdomo niseme ananiombea dua," akasema. "Ananishika kichwa, ananiita mwanangu. Nashindwa. Nafsi inanisuta mpaka sili."

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo mke akisema huwa anatazama kwanza kama madirisha yamefungwa. Halafu, kwa kuwa ni mume wangu, nikaanza hapo hapo kumtafutia mlango wa kutokea. "Basi kamwambie yote. Wewe uliacha kitumbo. Nani alisema kamba ya nguo? Ni yeye! Mwambie ni yeye alitaka unyooke."

Akatikisa kichwa. "Mama alikuwa anaona ukuta. Mimi nilikuwa naona maji. Niliyaona, nikanyoosha. Nilitaka anipende."

"Alikwisha kukupenda tangu siku ya kisahani, mpumbavu wewe."

Kesho yake tulikwenda. Mbingu zilikuwa nzito tangu asubuhi na tulipofika manyunyu yalikuwa yameanza. Mama alikuwa anapiga pasi sebuleni. Alimwambia Nyoosha akae, Nyoosha akakataa, akasimama karibu na mlango kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Mama, dada hakukukatia simu," akasema. Kisha akasema yote bila kupumzika: waya, tundu, kutu, matone, jua lililotoka baada ya mvua. Akasema kwamba alijua siku ile ya ngazi, na kwamba alidanganya. Kamba ya nguo hakuitaja.

Mama aliendelea kupiga pasi. Alikuwa anaipitisha pale pale, pale pale, mpaka nikasikia harufu ya nguo inaungua nikaichukua pasi mkononi mwake.

"Siku zote hizi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukanitengenezea koki."

"Ndiyo, mama."

"Koki ile haikuwa inavuja."

"Najua, mama."

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Mama alitupita akatoka nje bila kanga kichwani, akasimama ukutani kwenye yale manyunyu. Tulimfuata. Alinyoosha mkono akakigusa kile kitumbo cha waya, na tone likamdondokea kidoleni. Alilitazama.

"Mimi ndiye niliyesema kamba ya nguo," akasema.

Nyoosha akajikuna shingo.

"Nimesema au sikusema?"

"Ulisema, mama."

"Haya." Akageuka, maji yanamtiririka usoni. "Wodini kwangu mgonjwa alikuwa akiniambia sindano inauma. Nilikuwa naacha kumchoma?"

"Hapana, mama."

"Basi na wewe ungenichoma. Ningekununia siku mbili. Siku mbili tu, mwanangu." Akaonyesha kwa kidole ndani, iliko simu yake. "Mpigie. Piga wewe mwenyewe, mimi nikiwa nasikia."

Tuliporudi ndani mvua ilikuwa imepiga kweli. Nyoosha aliiegemeza simu ya Mama kwenye jagi, akapiga. Iliita mpaka nikakata tamaa, kisha uso wa Dada ukatokea, amekonda, kitambaa kichwani.

"Shemeji? Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Mama mzima, shemeji, yuko hapa. Mimi ndiye niliyepiga. Nina neno la kukuambia."

Bati lilikuwa linanguruma, ikambidi aseme kwa sauti kubwa. Hivyo ndivyo mume wangu alivyoungama kosa lake mara ya pili, kwa kupiga kelele, kama mtu anayenadi samaki. "Ni waya wangu! Siku ile mama hakukata! Maji yaliingia kwenye waya, mimi ndiye niliyeufunga vibaya!"

Nilimwona Dada anatutafuta machoni mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mama hakusikia?"

"Hakusikia kitu, shemeji."

"Hata ya uwanja wa ndege?"

"Uwanja gani wa ndege?" Mama akauliza.

Dada alijiziba mdomo. Alipoweza kuzungumza alisema polepole, "Niliinama nikasema yote. Sikuweza kusema huku nakutazama. Nilipoinua kichwa nikakuta picha yako imeganda, halafu ikapotea. Nikajua hilo ndilo jibu lako, mama."

Nyoosha, aliyekuwa amekataa kiti, akaketi sakafuni kando ya meza ndogo iliyowekwa ruta chini yake. Nadhani mpaka dakika ile alijua amekata simu ya watu. Sasa ndipo alipojua ni simu ipi.

"Kama huwezi kurudia, mwanangu, acha," Mama akasema. "Yameshapita."

"Mvua inanyesha huko, naisikia. Itakata tena."

"Haitakata, shemeji," Nyoosha akasema kutoka chini.

"Unaapa?"

Fundi wa mtandao haapi. Nyoosha aliusogelea waya. "Siapi. Lakini sibanduki hapa."

Dada akapiga moyo konde. Safari hii hakuinama.

Alisema alifunga begi. Alisema alifika uwanjani mapema sana, akapanga foleni, akakaa na tiketi mkononi. Ndege yao ikatangazwa. Watu wakasimama, yeye asiweze kusimama. "Nilijua nikipanda nitafika nimkute amekufa kweli. Nisipopanda, Baba bado mgonjwa, bado ananingoja. Niliwaza hivyo, mama, mtu mzima mimi. Wakaita jina langu, wakaliita tena. Nikawa nawasikiliza kama wanamwita mtu mwingine. Mpaka mama mmoja wa usafi akaniambia niinue miguu apige deki. Nikarudi nyumbani. Nikawaandikia imeshindikana." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lile begi mpaka leo sijalifungua. Nguo zangu za kumzikia Baba zimo humo."

Wakati anazungumza, mvua ilikuwa inapungua, na sote watatu tulikuwa tunajua maana yake. Bati likanyamaza. Mwanga ukaingia dirishani ukaangukia meza ya pasi, jua lenyewe, jua la baada ya mvua. Hiyo ndiyo saa ya mtandao kufa. Nyoosha alikuwa amelala kifudifudi, shavu karibu na sakafu, anaitazama taa ya ruta, kiganja chake kimeuzunguka waya kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Mama hakusema kitu. Alikuwa ameukazia macho ule uso kwenye simu, wala hakupepesa. Muda ukaenda. Kule Dada akasogea karibu na kioo, na nilimwona hofu inamrudia.

"Mama?" akasema. "Mama, imekata?"

"Haijakata," Mama akasema. "Nipo. Naona picha yako, nakusikia. Ni mimi nilikosa la kusema." Akaichukua simu kwenye jagi, akaishika kwa mikono miwili kama alivyozoea kumshika mume wangu kichwa. "Njoo nalo hilo begi, mwanangu. Njoo nalo hivyo hivyo lilivyo. Tutakwenda kwa Baba pamoja."

Walizungumza mengine mengi ambayo si yangu kuyasimulia. Simu haikukata. Walipoagana, Mama aliiweka mezani, akajifuta, akatazama chini kwenye sakafu.

"Na wewe toka hapo," akamwambia Nyoosha. "Jikoni kuna chakula chako. Kile cha jana ulichokikataa nilimpa paka."

Akatoka, ana vumbi shavuni. Alikaa mezani kwa Mama, akala kila kitu kilichokuwa kwenye sahani, akaongezwa akala tena. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye chakula na hakuna aliyemwambia ayafute.